Kufungwa Kihalali

Fundi viatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi, alikuwa anakufa, na hilo halikumsumbua sana. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba siku hizi alikuwa anashinda drafti.

Tangu yeye na Kinyozi wapange vibanda jirani, walicheza kila jioni, ubao juu ya kiti cha kunyolea, na kila jioni Gundi alifungwa. Alifungwa kiangazi, alifungwa masika. Akishaliwa kete ya mwisho, Kinyozi alitoka mlangoni akawatangazia wapita njia: "Jamani, humu ndani kuna maiti, mwenye nayo aje aichukue!" Gundi naye alimwita mwizi, kichwa maji, mnyoa mbuzi. Kesho yake wakakaa tena.

Sasa Gundi alikuwa amelala sebuleni, kitanda kimesogezwa dirishani, ini limekwisha, daktari ameshanawa mikono. Kinyozi alikuja na ubao wake na vizibo vya soda, ndizo kete zao, akakaa kwa adabu kama mkwe, akaanza kumsogezea Gundi kete azile, moja baada ya nyingine.

"Umenifunga tena, kaka. Hongera. Akili yako bado inawaka."

"Kaka?" Gundi akajiinua kwa kiwiko. "Tangu lini? Miaka yote hii mimi kwako ni kenge!"

"Usijichoshe, kaka."

"Tulia, mume wangu," mkewe akadakia kutoka jikoni. "Kushinda nako ni baraka."

Yeye ndiye aliyeharibu mambo. Alikuwa amemngojea Kinyozi mlangoni, mwiko mkononi, akamwonya kwamba mgonjwa haudhiwi.

Siku hiyo alipita nesi wa tiba shufaa, wale wanaozungukia wagonjwa wasiopona ili walau wasiumie. Alivua kofia ya pikipiki, akavuta kigoda.

"Haya, babu. Leo maumivu yako wapi?"

"Pale," alisema Gundi, akamwonyesha Kinyozi.

"Hayo sina dawa yake."

"Mwanangu, ile dawa yako ya maji nakushukuru, tumbo limenyamaza. Lakini huyu ananizika nikiwa naona. Mtu akianza kukuachia kete, ujue ameshakupima urefu."

"Usimsikilize, nesi," mkewe alisema. "Dawa zinamzungusha kichwa."

"Dawa ndiyo inayomfanya Kinyozi apange kete tatu mstari mmoja kama kuku wa kuuzwa?"

Nesi alitazama ubao, akawatazama wote watatu. "Mimi drafti siijui. Ila kazi yangu nusu ni dawa, nusu ni kumuuliza mtu anataka nini kabla hajaondoka. Babu, unataka nini?"

"Nataka kufungwa. Kufungwa kihalali, halafu nitukanwe."

"Mgonjwa atukanwe!" Mkewe akashika kiuno.

"Na wewe ukipenda, changia."

Wote wakamgeukia Kinyozi. Kinyozi alikuwa analoa jasho kama aliyekata sikio la mteja.

"Shemeji, nesi, nisikilizeni," alisema. "Je, nikimla kete ya mwisho akakata roho hapo hapo? Mtaani watasemaje? Nani tena atanipa kichwa chake ninyoe?"

"Atakufa kwa ini," nesi alisema. "Hafi kwa kizibo."

Mkewe akautupa mwiko juu ya meza. "Basi mfunge! Afadhali kelele zenu kuliko ukimya huu."

Wakapanga upya. Mwanzoni Kinyozi alisogeza kete kwa uoga, lakini mazoea yana tabu: alipoona upenyo alikula mbili kwa mpigo, akasahau kama yuko kwa mgonjwa. Gundi akaguna, akajikuna kidevu, akatega mtego. Kinyozi akauruka. Akapata kingi, kete inayokwenda mbele na nyuma. Kingi ile ikazunguka ubao mzima kama mwenye nyumba anayefuata kodi, na Gundi akabaki na kete moja pembeni, haina pa kwenda. Ikaliwa.

Gundi akalala chali, akafumba macho. Kifua hakikuonekana kupanda.

"Nimemuua!" Kinyozi akashika kichwa. "Nilisema mimi! Nilisema!"

Mkewe akafungua mdomo apige ukunga. Gundi akafumbua jicho moja.

"Tukana kwanza," alisema.

"Kenge wewe!" Kinyozi alilia, machozi na makamasi pamoja. "Kenge mzee! Unacheza drafti kama unayetafuta kiatu gizani!"

"Na unakoroma!" mkewe akaongeza, akashangaa mwenyewe jinsi ilivyomtoka kwa ulaini. "Miaka yote unakoroma kama trekta!"

Gundi alicheka mpaka nesi akamwinua, asije akapaliwa.

Baada ya hapo hakushinda tena hata mara moja, na chakula alikula vizuri kuliko mwanzo. Alikufa wiki iliyofuata, mchana, kitandani kwake, mkewe akimkanda miguu, kete zake mbili zimebanwa kwenye kona. Hawakutambua mapema, maana Gundi akibanwa alikuwa na kawaida ya kuwaza sana. Kinyozi alishamtukana yeye na ujanja wake mpaka kwa babu yake wa tatu, ndipo mke wa Gundi akanyoosha mkono akamgusa Kinyozi begani.

"Basi, shemeji," alisema. "Ameshasikia."