Mishubiri Inayokohoa

Mariat alitoboa kitako cha birika kuukuu kwa msumari, akaweka changarawe, akajaza udongo uliochanganywa na mchanga wa mtoni, kisha akapanda chipukizi la mshubiri. Ilikuwa Bwera, mwaka ule reli ilipofika Kasese. Barazani kwake tayari palijaa mishubiri iliyopandwa katika mabeseni, makarai na sufuria zilizoletwa na mumewe, Faruku, kwa lori lake kutoka kambi ya wachimba shaba.

Jioni mshubiri ule ulianza kukohoa kama wenzake. Ulikohoa kwa kifua, ukapumzika, ukatema kohozi jeusi ukutani. Mariat alilifuta kwa kitambaa. Kitambaa hicho alikichemsha mbali na nguo nyingine, lakini harufu ya shaba na usaha ilimfuata mpaka kwenye chakula.

Majirani walikuwa wameshazoea. Wengine walikuja na vikombe, wakakinga ule ute, wakaunywa kwa asali. Walisema dawa ya kifua hutoka kifuani. Kila walipomeza, Mariat aligeuza uso.

Alhamisi moja alifika mwanamke wa Kiacholi, mtoto mgongoni, vumbi mpaka magotini. Aliitwa Aryemo. Alipita mabeseni yote, akasimama mbele ya birika, akasikiliza.

"Huyu ni Ocan," alisema. "Bwana yangu. Anakohoa mara mbili, halafu anavuta pumzi."

"Pole, mama. Karibu ukae."

"Tulitoka kumuzika, tukakuta mlango iko na kufuli ingine. Nyapara wa kambi akasema nyumba si yangu, na vyombo ni ya nyumba."

Mariat alikuwa hajawahi kumuuliza mumewe vyombo vile vinatoka kwa nani. Alilinyanyua birika, akampa mjane yule. Aryemo alilikumbatia. Mshubiri ukamtemea begani, naye hakujifuta.

Hapo lori likaingia uani. Faruku alishuka, akamtazama mwanamke aliyekuwa akitoka na birika, akaelewa.

"Mwache aende nalo," alimwambia mkewe. "Vyombo havitaisha."

Akafungua nyuma ya lori, akateremsha sufuria yenye mfuniko. Mariat alipofunua alikuta ugali, umemegwa upande mmoja, alama za vidole bado zinaonekana. Aliugusa. Ulikuwa vuguvugu.

"Baba Hanifah, mwenye sufuria hii amekufa lini?"

"Hajafa. Wamempeleka hospitali leo mchana. Nyapara ameshaingiza mtu mwingine."

"Na akipona?"

"Hawaponi, mama Hanifah." Faruku alimega tonge palepale alipokuwa amemega yule mgonjwa, akala, akapangusa vidole kwenye suruali. "Niwekee maji ya kuoga."

Mariat alikwenda nyuma ya choo, akatapika mpaka nyongo. Alisukutua mdomo, akaweka maji jikoni. Kisha akakwangua ugali uliobaki, akaisugua sufuria kwa majivu, akaisugua tena, akaitoboa. Aliijaza udongo na kupanda chipukizi jipya.

Kabla ya adhana ya magharibi mshubiri ulikuwa umeanza. Kilikuwa kikohozi chepesi, cha mtu anayeziba mdomo kwa kiganja ili asiwasumbue wagonjwa wenzake. Jirani mmoja alikisikia kutoka ng'ambo ya ua, akaja na kikombe.