Bango la Mshindi

Siku majaji wa tuzo ya mabango walipokuja, Fundi alikuwa juu ya ngazi akimalizia neno la mwisho kwenye ukuta wa duka la dawa, rangi nyekundu imemrukia mpaka kwenye nyusi. Baba yake, mchukuzi mstaafu wa sokoni, alikuwa chini ameishikilia ngazi isitembee. Mzee huyo hakuwahi kukanyaga darasa hata la chekechea. Hata hivyo aliinua kichwa, akamsomea binti yake: "Dawa za binadamu na mifugo. Ila hiyo mifugo umeibana kidogo, mama."

"Nafasi imeniishia, baba."

Mabango ya Fundi yalisomwa na kila mtu, aliyesoma na asiyesoma. Stika za mashine mzee aliziona madoa matupu, lakini neno lililopita kwenye brashi ya binti yake lilimwingia lenyewe. Watoto wa kubebwa mgongoni waliyasoma. Mbuzi walifika kwenye ukuta ulioandikwa MARUFUKU KULISHIA HAPA, wakasimama, wakageuza njia. Mtaani hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu. Walisema tu binti ana mkono uliobarikiwa. Naye alifanya kazi kweli. Kila herufi aliitamka kwa sauti ya chini brashi ikipita, polepole, na hakuinua mkono kabla sauti haijaisha. Ungedhani anabembeleza mtoto alale. Ilikuwa raha kumtazama.

Majaji wa tuzo ya umahiri wa mabango ya biashara walimwomba mzee awasomee mtaa mzima. Akausoma: kinyozi, duka la viatu, fundi saa, akiyaruka mabango yaliyoandikwa na watu wengine. Mbuzi naye akaletwa, ili pasiwe na upendeleo. Majaji wakajaza alama zao za usomekaji, wakanywa soda, wakaenda zao.

Jioni mzee aliwaendea wenzake wa karata. "Tuzo ni ya mwanangu," aliwaambia. "Jina lake litaitwa mbele za watu." Tangu afiwe na mkewe hakuwa amejivunia kitu chochote. Fundi alimsikia akiwa mlangoni, akafurahi mpaka akaona haya.

Jina lililoitwa lilikuwa la Mkurugenzi, mwenye kampuni iliyomwajiri Fundi. Mkurugenzi hakuwahi kushika brashi, na mashati yake meupe yangeweza kutoa ushahidi. Alipanda jukwaani, akapokea ngao, akasema kampuni ni familia moja, akapigwa picha. Fundi alipiga makofi pamoja na wenzake. Baba yake hakuwepo, kwa kuwa kadi za mwaliko zilikuwa chache. Alimsubiri nyumbani, koti lake la heshima mwilini.

"Wameliita?"

"Wameliita, baba."

"Kwa sauti?"

"Kwa kipaza sauti."

Mzee akavua koti, akalala usingizi wa pono.

Kesho yake Mkurugenzi akaagiza bango kubwa la kupandishwa juu ya karakana, kwenye barabara anayopita mzee kila asubuhi. MSHINDI WA TUZO YA UMAHIRI, na chini yake majina ya Mkurugenzi, yote matatu.

"Tulitoe kwa mashine, bosi," Fundi alimsihi. "Litawahi."

"Mashine? Acha mzaha, Fundi. Nataka lisomwe na kila mtu."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Fundi ilikuwa na urefu wa bango. Alifikiri akaona ujanja ni mmoja: aandike kinywa kikiwa kimefungwa, baba asiweze kulisoma. Akabana midomo, akavuta herufi ya kwanza. Ikatoka imepooza, imekaa juu ya ubao kama kiraka. Akaitazama. Baba yake kugundua kwamba alidanganywa kulimtisha sana, lakini kuiacha herufi ile mbele ya macho ya watu hakuweza. Akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaanza upya, akitamka. Majina ya Mkurugenzi aliyatamka moja baada ya jingine, bila kuyapunja chochote. Wenzake waliacha kazi zao wakaja kutazama. Hawakuwa wamewahi kuona bango zuri kama lile.

Mzee alifika linapigwa misumari. Akasimama, akasoma kwa sauti mstari wa kwanza, kisha wa pili. Hakukwama popote.

"Hili umeliandika wewe," alisema.

"Mimi, baba."

"Limeyapita yote."

Fundi akainama, akaanza kukusanya brashi zake. Wale wazee wa karata nao wakafika, wakalisoma, ingawa hakuna kati yao aliyewahi kwenda shule. Wakakubaliana kwamba huyu Mkurugenzi ni fundi kwelikweli, maana mtu asiyejua kazi hawezi kuandika jina lake likapendeza namna hiyo.

Mzee aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Someni tena," akawaambia. "Mkono unaowasomesha ni wa mwanangu."

Wakasoma tena, kwa sauti moja, jina la Mkurugenzi.