Chupa ya Tatu

Nangobi alikanda udongo kwa samadi na majani makavu, kama alivyokandika nyumba yake kule Buwenge, akaliziba tundu lililokuwa ubavuni mwa bomba la moshi. Kila fundi Sukhdev alipopima moshi wa boila ya kiwanda, tundu lilifunguliwa. Akimaliza, yeye mfagizi aliliziba. Kizibo cha chuma cha tundu hilo kilikuwa kimepotea tangu mvua za mwanzo.

"Funga sawasawa, mama," alisema Sukhdev.

Chombo cha Sukhdev kilikuwa cha kioo. Moshi uliingia kwa mpira, ukapita kwenye chupa za dawa, na kila dawa ikanywa sehemu yake. Maji yakipanda juu kwenye kioo, Sukhdev alifurahi: maana yake kuni haziendi bure. Ili yapande, alibana mlango wa hewa wa jiko.

Chupa ya tatu ilikuwa kavu.

"Na hii, bwana, haifanyi kazi?"

"Hii ya moshi wa sumu, ule hauna harufu. Dawa yake wamepeleka kiwanda cha Mbale. Itakuja."

"Lini?"

"Kumbe siku hizi wewe injinia?"

Wapakiaji walicheka. Nangobi naye akacheka, kidogo.

Mtia kuni alikuwa mwanawe, Eriya. Ni Nangobi aliyemtoa shambani, akampelekea Sukhdev kuku ili apewe kazi. Jumatatu Eriya alirudi chumbani kwao Nalufenya kichwa kinamgonga, akatapika uji.

"Mama, kesho niache nilale. Mle ndani hewa nzito."

"Uvivu huo. Wenzako wamejaa getini, wanangoja uugue."

Asubuhi Eriya akaenda.

Saa ya chakula walimkuta ameegemea bomba, chini ya tundu, muhogo mkononi, midomo myekundu kuliko alipokuwa mzima. Nangobi aliona udongo kabla ya kuuona uso wa mwanawe. Samadi, ile iliyoshika kuta zake miaka yote, ilikuwa imeungua ikawa majivu, na ufa ulipitisha kidole.

Polisi aliuliza kama marehemu alikuwa mlevi.

"Hapana, afande."

Habari ya ufa hakuulizwa. Naye hakuisema.

Baada ya matanga alirudi kazini. Mdogo wake Eriya alikuwa bado shuleni. Sukhdev alikuwa anapima. Maji yalipanda vizuri. Chupa ya tatu ilikuwa na vumbi ndani.

"Pole sana, mama," alisema, macho kwenye kioo. "Sasa ziba."

"Bwana, udongo unapasuka."

"Basi tia mwingi."

Chini ya tundu alikuwa amekaa mtia kuni mpya, Wamboga, aliyefika juzi kutoka Mbale. Alikuwa anamenya muhogo wa kuchoma.

"Hapa pazuri, mama," alimwambia. "Pana joto."

Nangobi alifungua mdomo. Sukhdev alikuwa amesimama nyuma yake, anafuta mikono kwa kitambaa, anangoja.

Nangobi akaufunga, akainama kwenye karai, akaanza kukanda. Safari hii alizidisha samadi, kama alivyofanya kila ukuta wa nyumba yake ulipopasuka.