Viti vya Katikati

Kamati ya mashindano ya hesabu ilikuwa na sheria nyingi kama mchele wa Bugarama, unachambua mpaka mgongo unauma. Shule mwenyeji itoe chumba chenye mwanga na maji ya kunywa. Walimu wake wasitie mguu ndani wakati watoto wanaandika. Wakae barazani kama wakwe, na msimamizi atoke mbali. Watoto waitwe kwa namba, si kwa majina. Kati ya mtoto na mtoto kiachwe kiti kitupu, kisicho na kitu chochote juu yake. Na atakayeonekana akinong'ona na jirani, yeye na jirani yake watolewe wote wawili. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Kamati hiyo haikuwahi kusikia.

Honorine Mukabera, mkuu wa shule moja ndogo kule Gitambi, Rwanda, alizipokea sheria hizo kwa mikono miwili. Mwaka huo wa 2001 ndio kwanza shule yake inaaminiwa na jambo lolote tangu vita. Tena kulikuwa na Uwimbabazi, mtoto wa marehemu dada yake, binti wa miaka kumi na mitatu mwenye kichwa cha hesabu. Mshindi angepewa nafasi katika sekondari ya bweni, na Honorine aliitaka nafasi hiyo mpaka usingizi ukamkimbia. Alitaka mtoto aende mahali ambapo hakuna mtu anayejua alirudi kutoka Zaire bila nani.

Maana Uwimbabazi alikuwa pacha. Mwenzake aliitwa Ndikumana. Wazazi wao walizikwa katika kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya mto Rusizi, na Honorine akabaki na watoto wawili, mmoja mkono huu, mwingine mkono huu. Kambi ziliposhambuliwa mwaka tisini na sita, watu walisukumana kuelekea msituni, risasi zikilia nyuma yao. Honorine alipopata nafasi ya kutazama mikono yake, mmoja ulikuwa mtupu. Aliita mpaka sauti ikakauka. Mwishowe akageuka, akarudi Rwanda na mtoto mmoja.

Matanga aliyakataa katakata. Majirani walikuja kukaa naye msibani, akawarudisha mlangoni. "Nani kawaambia amekufa? Mmeona kaburi?" Na Uwimbabazi, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane, Honorine alimkataza kulia. "Kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia mauti," alimwambia. "Ukilia, utamuua ndugu yako." Tangu hapo hakuna aliyeona chozi la mtoto yule, si kwa kiboko wala kwa malaria. Watu wakamsifu, eti mtoto jasiri. Jasiri wapi! Alikuwa analinda uhai wa ndugu yake kwa macho makavu, maskini, na hakuna mtu mzima aliyemwambia inatosha.

Asubuhi ya mashindano, ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba na haukutaka kuondoka. Honorine aliingia darasani akakuta viti vimepangwa vizuri, lakini juu ya kila kiti kitupu kumewekwa kijiwe. Hiyo ilikuwa kazi ya Mukamazimpaka, mama anayefagia shule.

"Hivi ni nini, Mama?"

"Ni vya kushikilia nafasi, Madamu. Kwetu kiti hakiachwi wazi kati ya watu wawili. Hata msibani, mtu akiinuka katikati, unaweka jiwe, unaweka kata, chochote. Kiti kisipokaliwa na kitu, kitakaliwa."

Honorine alicheka kile kicheko cha watu waliosoma. "Kamati inasema kisiwe na kitu juu yake. Unataka tunyang'anywe mashindano kwa ajili ya vijiwe?" Akavikusanya vyote kwenye upindo wa kitenge chake, akavimwaga nje kwenye maua. Mukamazimpaka alimtazama, akachukua ufagio wake. "Haya, Madamu. Shule ni yako," alisema, akaenda zake jikoni.

Msimamizi alifika akiwa amechelewa kidogo, maana askari wa mpakani walimzuia. Jina lake Mulume, mwalimu wa hesabu kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mtu mkavu mwenye viatu vilivyong'arishwa. Hakuwahi kufika Gitambi, na hakumjua mtu hata mmoja pale. Watoto waliingia kwa namba zao, wakakaa, kengele ikalia, mlango ukafungwa. Honorine akakaa barazani na mikono yake mapajani.

Mwalimu yeyote anajua kuwa watoto wanaoandika hawanyamazi kabisa. Huyu atakohoa, yule ataangusha rula. Siku hiyo hakukusikika kitu. Hata mbuzi waliokuwa wakila majani karibu na dirisha walikwenda kusimama upande wa pili wa uwanja, wakalitazama darasa. Kisha Honorine akasikia mnong'ono. Sauti moja ilitaja hesabu, nyingine ikajibu. Moja ikataja, nyingine ikajibu. Ndivyo wale pacha walivyokuwa wakifanya kambini, chini ya hema, wakishindana kabla ya kulala. Akajiambia ni upepo. Majani ya migomba hayakutikisika.

Mlango ukafunguliwa. Mulume alitoka, akaurudisha nyuma yake.

"Maman, minasikitika," alisema kwa sauti ya chini. "Mule ndani kuko batoto babili banaongea. Binti mwenye kuwa karibu na dirisha, na ule kijana mudogo pembeni yake. Niliwakanya, hawasikii. Sheria munaijua."

Karibu na dirisha alikuwa Uwimbabazi. "Pembeni yake hakuna mtu, Papa Mulume. Ni kiti kitupu."

"Maman, mimi si kipofu. Tena nilijiuliza, juu ya nini mulileta mutoto mudogo vile mu mashindano ya bakubwa? Miaka yake saba, munane. Anaandika na mukono wa kushoto. Amevaa sweta ya muntu mukubwa, mikono yake imekunjwa."

Mikono ya sweta ile Honorine mwenyewe ndiye aliyemkunjia Ndikumana, asubuhi ile ya kukimbia kambini. Akashika nguzo ya baraza. Miaka yote alikuwa akimkuza Ndikumana kichwani mwake. Kila Uwimbabazi alipohitaji viatu vipya, Honorine alisema moyoni, na yeye huko aliko vimembana. Binti alipoanza kumpita mabega, alimwona kijana naye akirefuka, amepata sauti nzito, anachunga ng'ombe wa mtu huko Masisi.

"Mdogo kiasi gani?" aliuliza.

Mulume akaweka mkono wake hewani, chini kidogo ya kifua. "Hivi."

Mtoto aliye hai hukua. Jambo hilo Honorine hakuhitaji kuelezwa na mtu.

"Mwenyeji ndiye anatoa ushahidi," Mulume alisema, naye sasa hakuwa na raha. "Usimame ku mulango, useme mbele ya bote ni nani alikaa wapi. Ukisema yuko, ninabatoa babili."

Honorine akasimama mlangoni. Watoto wengine walikuwa wamejikunyata mbali na ile safu ya dirishani. Uwimbabazi ameinama upande mmoja, karatasi yake ameisogeza ukingoni mwa meza ili mtu aliye kando aione vizuri, na alikuwa anatabasamu. Miaka yote hiyo Honorine hakuwahi kumwona akitabasamu vile. Angesema yuko, binti angepoteza shule, lakini angebaki na kile alichokilinda.

"Kiti hicho ni kitupu," alisema. "Hakuna mtu."

Mulume aligeuka kutazama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Alikuwa hapo," alisema taratibu.

Uwimbabazi alikuwa ameinua kichwa. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Mama mukubwa, unasema hayupo?"

"Hayupo, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Binti alifikiri, polepole, kama anavyofikiri hesabu ngumu. Kisha akaweka kalamu chini.

"Basi nikilia, sitamuua?"

Honorine alitia mguu ndani ya darasa, akapita kati ya viti, na Mulume hakumzuia. Akapiga magoti mbele ya meza, akaishika mikono yote miwili ya mtoto.

"Lia, mwanangu. Ni mimi niliyechelewa kukuambia."

Uwimbabazi akalia, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa miaka minane.