Saini Themanini na Moja

Sentensi iliyomvua Mchungaji Curtis Haverkamp joho lake niliiandika mimi, mezani kwangu, kwa utulivu na kwa kalamu nzuri.

Mtu wa usharika mwingine, ambaye hatukuwahi kumwona, alikuwa amemshtaki mchungaji wetu kwa askofu kwamba anaishi na mwanamume mwenzake kama wanandoa. Kanuni za kanisa zilimkataza mtu wa namna hiyo kuhudumu madhabahuni. Lakini kanuni hizo hizo zilidai ushahidi, na ushahidi haukuwapo. Curtis hakukiri wala hakukana; alinyamaza, kama alivyoruhusiwa. Askofu, ambaye shauri lenyewe lilimchosha, alikuwa akingoja majira ya kuchipua ili alifute.

Hapo ndipo usharika ulipoamua kumsaidia.

Tulikutana Januari katika ukumbi wa chini ya kanisa, theluji ikiwa imefikia madirisha. Verna Ostrander, mwenyekiti wa akina mama, aligonga meza kwa kijiko.

"Tunamwandikia askofu barua. Mwalimu Tiedeman ndiye ataandika. Tukiandika sisi, askofu atadhani tunaagiza mbegu za mahindi."

"Mchungaji anajua?" niliuliza.

"Ajue ili atukataze? Ya nini! Tutamshtukiza, kama siku ile ya keki yake ya kuzaliwa."

"Mama Ostrander, mimi siamini hata nusu ya mnayoyaimba."

"Nani kakuomba uamini? Umeombwa uandike. Na usizungukezunguke, Mwalimu. Mwambie kweli yote."

Nilikuwa nimefundisha Kilatini kwa miaka thelathini na minne katika mji usiokihitaji, na nilipiga kinanda kanisani kwa sababu kilikuwa kinanda pekee cha maana katika wilaya nzima. Watu walipokiri imani yao, mimi nilifumba mdomo. Tangu mke wangu Leona afariki, Curtis ndiye mtu pekee niliyezungumza naye lolote zaidi ya hali ya hewa. Alikuja kila Alhamisi alasiri tukabishana kuhusu Mungu hadi chai ikapoa. Hakunishinda, nami sikumshinda. Kwa hiyo barua yake niliiandika kwa uangalifu kuliko chochote nilichowahi kuandika. Katikati niliweka haya: "Kwa miaka tisa mchungaji wetu na Neil, mwenzi wake wa maisha, wameishi pamoja katika nyumba ya kanisa, mbele ya macho yetu sote, na katika wilaya hii hatujaona ndoa yenye adabu kuipita hiyo."

Zilipatikana saini themanini na moja. Mzee Orville Brandt alitia saini mara mbili, kwa usalama.

Askofu aliisoma barua, na kisheria hakuweza tena kujifanya hajaisoma. Mashtaka yaliyokuwa yakifa yakapata ushahidi, pamoja na majina ya mashahidi.

Alhamisi iliyofuata Curtis aliingia kwangu asivue koti.

"Ni wewe, sivyo?"

"Umejuaje?"

"Mji huu nani mwingine anaandika sentensi ndefu namna ile isianguke njiani?"

Nilimwambia kwamba nikiitwa nitasema nilitia chumvi. Kwamba Neil ni mpangaji tu.

"Miaka yote hii unakaa kimya wenzako wakikiri imani, eti hutaki kutamka usichokiamini," alisema. "Leo ndiyo uanze uongo, kwa ajili ya mchungaji?"

"Ningeuanza bila kusita."

"Neil si mpangaji, Lowell."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu kabla ya siku hiyo.

Kesi ilisikilizwa mwezi Machi katika ukumbi wa michezo wa kambi ya kanisa, chini ya goli la mpira wa kikapu. Wachungaji kumi na watatu waliketi kama majaji. Usharika wetu ulikuja wote, kwa basi la shule. Mwendesha mashtaka, kijana mpole mwenye mafua, alinisomea sentensi yangu, akaisoma vizuri.

"Mwalimu, haya ni kweli, au ni lugha ya mapenzi tu? Watu huandika mengi wakimpenda mtu."

Alikuwa amenifungulia mlango, na nadhani alifanya hivyo kusudi. Niligeuka nyuma. Neil alikuwa amekaa safu ya pili, ameshika magoti yake kwa mikono miwili, kama mpangaji anavyokaa katika nyumba ya watu.

"Ni kweli," nilisema.

Majaji kumi walimwona Curtis ana hatia, watatu hawakuona. Jioni hiyo hakuwa mchungaji tena.

Ndani ya basi hakuna aliyenilaumu. Verna alikuja na mkate wenye nyama.

"Kula, Mwalimu. Sote tulisaini."

"Mlisaini. Hamkuandika."

"Basi kula hivyo hivyo."

Nyumba ya kanisa ilitakiwa kurudishwa mwisho wa mwezi. Jumamosi, saa moja asubuhi, watu wapatao arobaini walifika kuwahamisha Curtis na Neil, kila mmoja na glavu zake. Hawa ni watu wanaojua kuvuna kabla mvua haijafika. Kabla ya saa nne lori lilikuwa limejaa na kufungwa kamba.

"Tulidhani itatuchukua siku nzima," Neil aliniambia. Alisema kama mtu aliyeibiwa siku hiyo.

Curtis aliwaaga mmoja mmoja. Alipofika kwangu aliuliza, "Utakuja kututembelea mjini Duluth?"

"Siendeshi gari kwenye theluji."

"Theluji huyeyuka."

"Si kule."

Alicheka, akanishika bega, akapanda. Lori likaondoka.

Niliingia ndani kutafuta kazi yoyote iliyosalia. Misumari ya picha ilikuwa imeng'olewa, matundu yake yamezibwa. Jiko lilikuwa linang'aa. Nilikuwa nainua mguu kuingia sebuleni sauti ya Verna iliponifikia kutoka uani.

"Usikanyage, Mwalimu! Nimepiga deki sasa hivi!"

Nikasimama kizingitini, nikingoja sakafu ikauke. Ilikuwa bado haijafika saa nne na nusu.