Sinia ya Wazee

Miezi mitatu Mweri alimpikia mumewe mboga chungu ya mchunga, ya kuchemsha, bila tui wala chumvi, na ugali wa kujaa kiganja. Nyama haikuvuka mlango wake. Daktari alikuwa amesema wazi: sukari isiposhuka, kile kidole cha mguu chenye kidonda kitakatwa. Na asubuhi ya leo mashine ya kupimia ilionyesha kumi na tisa, zaidi ya mwezi uliopita.

"Labda ni mbovu," akasema Tsofa.

Mchana Mweri alitakiwa matangani. Kila matanga pale Utange, mpishi mkuu ni yeye, nyuma ya nyumba na masufuria. Tsofa naye huketi mbele na wazee, na humwapia mkewe kwamba chakula hagusi.

Siku hiyo Mweri akapakua wali, akarundika nyama ya mbuzi juu yake. "Ya wazee hii," akamwambia Selpher, mwenzake wa jikoni. "Waongezee mafuta, watu wazima wale."

Selpher akasahau maji ya kunawa. Mweri akayapeleka mwenyewe.

Chini ya turubai alimkuta Tsofa amekunja mkono wa shati, mafuta yakimchuruzika hadi kiwikoni. Tangu mvua zianze, matanga hayajakosa wiki. Nyumbani alimnyima, huku akamshindilia, kwa upawa wake mwenyewe.

Akaibeba sinia yote. Akarudi na bakuli la mchunga ambao wapishi walijichemshia.

"Mama Nzai," akasema mzee Randu, "tulingoja mbuzi, umetuletea chakula chake."

Wazee wakacheka. Tsofa akashika mkongojo, akaondoka bila kuaga.

Jioni Mweri alimkuta kitandani, mguu ameunyoosha, akingoja kufungwa kidonda upya kama kila siku. Mweri akafungua kitambaa taratibu. Kilikuwa kimegandia.

"Umeniaibisha mbele za watu."

"Nimekuaibisha."

"Jumamosi kuna matanga kwa kina Kadzo."

"Najua. Mimi ndiye napika."

Tsofa akageukia ukuta. "Basi huo mchunga wako uutie chumvi, angalau ulike."

"Chumvi hakuna, Baba Nzai," akasema Mweri, akamimina maji ya vuguvugu kwenye beseni. "Lete mguu."