Diski ya Mwalimu Makau

Kalondu alikuwa na miaka ishirini na tisa, kibanda cha mitumba katika soko la Tala, na hasira ya miaka mitatu. Hasira hiyo ndiyo iliyomrudisha masomoni.

Ilianzia mahakamani. Mama yake, Mbula, alisimama kizimbani kueleza mpaka wa shamba lao la Ndithini. Alieleza kwa Kikamba, kwa kuwa ndicho alicho nacho, na alieleza vizuri: nani alipanda ua wa minyaa, ilikuwa mwaka wa njaa gani, jiwe la kusagia lilikuwa upande upi, na jirani alilisogeza lini. Robo saa nzima. Mkalimani, kijana mmoja wa tai nyekundu aliyekuwa akichungulia saa yake, akamgeukia hakimu na kusema kwa Kiingereza: "Anasema shamba ni lake." Basi. Robo saa ikawa maneno manne. Kalondu aliinuka kwenye benchi apinge, askari akamkalisha. Kesi ikaenda na maji, na nusu ya shamba ikaenda nayo.

Mtu mwingine angelia yakaisha. Kalondu alikwenda kuuliza wakalimani wa mahakama huajiriwa vipi. Akaambiwa uijue lugha ya nyumbani sawasawa, na cheti chako cha kidato cha nne kionyeshe B ya Kiingereza. Lugha ya nyumbani alikuwa nayo ya kumwaga. Kiingereza, cheti chake cha miaka kumi na moja iliyopita kilisema D, tena bila haya. Akajiandikisha kuufanya mtihani upya kama mtahiniwa wa kibinafsi, akaanza kutafuta mwalimu.

Kila aliyemuuliza alimtajia Makau. Mzee huyo alikuwa amestaafu na kupanga nyumba Mlolongo, na darasa lake aliliita Kiingereza cha Juu. Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na moja jioni, alifundisha kwa simu ya video. Jumamosi wanafunzi wote kumi na wawili walikutana naye ana kwa ana, katika ukumbi wa kanisa nyuma ya soko la Tala. Na tuseme ukweli, hata Kalondu aliusema: mzee alijua kazi yake. Ungempa insha ya kurasa mbili, angekuonyesha sentensi moja tu uliyoiandika kwa moyo, kisha akuulize zile nyingine ulikuwa ukimwandikia nani. Kwa miezi minne Kalondu alitoka D akafika B kasoro kidogo. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki saba, na mwalimu mwingine wa kumvusha hapo hakumwona.

Lakini Makau alikuwa na diski.

Waliosoma zamani wanaijua. Ni kipande cha ubao chenye kamba. Anayesikika akisema lugha ya mama huvishwa shingoni, na haimtoki mpaka amnase mwenzake akiteleza, amshtaki, amvishe yeye. Ukiifikiria vizuri, ni mashine ya kuwafundisha watoto uchongezi. Ya Makau ilikuwa ile ile aliyoivaa mwenyewe akiwa darasa la tano, nyeusi kwa jasho la shingo za watoto wengi. "Huu ubao ndio ulionifikisha chuo kikuu," alipenda kusema huku akiupangusa kwa leso. Kwenye darasa la simu, ambako shingo haifikiki, alilifuta jina lako kwenye kioo na mahali pake akaandika DISKI. Na sheria yake ilikuwa moja: ukikaa nayo Jumamosi tatu, huna nafasi tena.

Kalondu aliikwepa miezi minne. Siku ya Jumatano moja, saa kumi na moja na nusu, alikuwa kibandani, simu ameiegemeza kwenye rundo la sweta, kipaza sauti kimefunguliwa kwa sababu ilikuwa zamu yake kusoma insha. Mama yake akatokea kati ya nguo zilizoning'inizwa, amebeba bakuli lililofunikwa kwa sahani. Alikuwa ametoka Ndithini asubuhi na mapema.

"Mwanangu, umekula?" Mbula aliuliza kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka ng'ambo ya bonde.

Kwenye kioo, Makau aliinua kidole. "Kalondu," akasema kwa Kiingereza, "mjibu kwa lugha ya darasa, au nyamaza."

Kalondu alimtazama mama yake. Vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini. Alikuwa amesimama akingoja jibu, bakuli mkononi, kama alivyosimama kizimbani akimngoja yule kijana wa tai. Kalondu aliona damu ikimpanda kichwani.

"Sijala, mwaitu," akajibu kwa Kikamba, polepole, kila neno kamili. "Karibu uketi. Umefika vizuri? Mguu unaendeleaje?"

Akaulizia na ng'ombe. Akaulizia na kuku. Aliporudi kwenye simu, jina lake halikuwapo tena. Palikuwa pameandikwa DISKI.

Jumamosi ya kwanza alivishwa ubao mbele ya darasa, mwanamke mzima mwenye wateja wake pale sokoni. Kamba ilimwasha. Wakati wa mapumziko alitoka nje, na kabla hajafika kwenye bomba la maji alikuwa amesikia Kikamba mara tatu. Munyiva, binti wa watu aliyekuwa akirudia mtihani kama yeye, alikuwa kwenye simu na shangazi yake. Alipomwona Kalondu na ubao kifuani, uso ulimshuka.

"Nimeisha," Munyiva alinong'ona. "Haya, nipe."

"Nikupe nini? Mimi sijasikia kitu," Kalondu akasema, akainama kunywa maji.

Siku hiyo hakumshtaki mtu, na Jumamosi ya pili vilevile. Makau alimsimamisha mwisho wa somo, akamwambia darasa zima linajua kwamba ubao huo haukosi pa kwenda. "Ni kiburi tu kinachokuzuia," alisema. "Jumamosi ijayo ukija nao shingoni, usije na vitabu."

Nje ya ukumbi Antony alimfuata. Huyu alikuwa kijana wa Mlolongo, wazazi wake walitoka Busia, na Kikamba kwake kilikuwa giza tupu. Kwa hiyo ndiye peke yake darasani ambaye ubao haungeweza kumpata, labda ajifunze kwanza.

"Sistee, hebu mpe mtu hiyo kitu," akasema. "Wote wanaongea. Hata mimi nawasikia na sielewi. Utapoteza B juu ya mbao?"

"Antony, unajua kwa nini niko hapa?"

"Uko hapa upite."

"Niko hapa kwa sababu mtu alifunga mdomo wa mama yangu kwa Kiingereza. Sasa nikamfunge Munyiva wake ndiyo nipite? Nikifika huko mahakamani nitakuwa nani?"

Antony alikuna kichwa. "Lakini atakufukuza."

"Anifukuze nikiwa nimesimama."

Ni rahisi kusema hivyo Jumamosi. Wiki nzima Kalondu aliukodolea macho ule ubao uliokuwa umetundikwa kwenye msumari wa kibanda. Aliitaka ile B kama mgonjwa anavyotaka maji. Alipiga hesabu za kusoma peke yake wiki tano zilizobaki, zikagoma. Alhamisi alimsikia kijana mmoja wa darasani akipatana bei ya suruali kwa Kikamba hatua mbili kutoka kibandani, na mkono wake ukaenda kwenye msumari wenyewe. Aliurudisha mkono kwa nguvu, akajionea aibu mpaka jioni.

Darasani walikuwa na utaratibu wao: kila Jumamosi mtu mmoja alileta chakula cha mchana cha wote, kwa zamu. Jumamosi ya tatu zamu ilimwangukia Kalondu. Alfajiri hiyo, kwenye chumba chake nyuma ya soko, alibandika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, chakula kisichopenda haraka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kuni zilikuwa mbichi, moto ukawa ni moshi na machozi. Mbula, ambaye alikuwa amelala kwake, alikaa kwenye kigoda akimenya kitunguu.

Kalondu alitazama moto. Akatazama ubao, aliokuwa ameutoa kibandani jana yake ili auvae. Miaka hamsini ya kukauka. Akachukua panga, akaupasua vipande vinne.

"Hicho si cha shule?" mama yake akauliza.

"Kilikuwa."

Ubao ulishika moto upesi, ukaziwasha na kuni mbichi, na muthokoi ukachemka mpaka ukaiva.

Ukumbini, Makau hakungoja hata salamu ziishe. Alisimama mbele, koti limepigwa pasi, akamwona Kalondu akiingia na sufuria mikononi, begi la vitabu mgongoni, na shingo tupu.

"Nani ana diski?" akauliza kwa Kiingereza.

Munyiva alitazama sakafu. Kalondu alitua sufuria juu ya meza ya mwalimu, akafunua kifuniko.

"Diski ndiyo hii, Mwalimu," akasema, naye kwa Kiingereza, safi kama alivyofundishwa. "Kuni zangu zilikuwa mbichi. Ubao wako ulikuwa mkavu. Sikumpa mtu, kwa sababu hakuna mtu humu aliyekosa. Kama nafasi yangu imekwisha, niambie sasa, lakini watu wale kwanza, chakula ni cha moto."

Makau aliangalia ndani ya sufuria kama mtu anayetafuta kitu kilichozama. Kisha likamtoka neno ambalo darasa halikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Mwaitu!"

Mama yangu. Na baada ya hilo mzee hakukoma tena. Kikamba kilimwagika, cha zamani, cha kijijini, kingine hata Munyiva alikuwa hajakisikia tangu bibi yake afariki.

"Anasema nini?" Antony aliuliza kwa sauti ya chini. "Jamani, anasema nini?"

Kalondu angeweza kumjibu kwa maneno mawili, kwamba mzee amekasirika, na yangetosha kabisa. Yule mkalimani wa tai nyekundu naye hakulaumiwa kwa manne tu. Tena mzee huyu alikuwa amemvisha ubao shingoni. Kalondu alikuwa na deni gani kwake?

Akazunguka meza, akasimama kando ya Makau bega kwa bega, akaanza kutafsiri kwa Kiingereza.

"Anasema alikuwa darasa la tano," akasema. "Anasema alikuwa amevaa ubao huo kwa mara ya pili, na ya tatu ilikuwa viboko. Siku hiyo mama yake alikuja shuleni na viazi vitamu, amevifunga kwa jani la mgomba. Alitembea tangu alfajiri. Alisimama nje ya ua akamwita kwa jina lake la utotoni."

Makau akavuta pumzi, akaendelea. Kalondu alimngoja amalize kila sentensi. Hakupunguza wala kuongeza.

"Anasema alimwendea mama yake mpaka kwenye ua, akamwambia kwa Kiingereza: 'Habari ya asubuhi, bibi.' Mama alicheka kwanza, akidhani ni mchezo. Akamwita tena. Naye akarudia maneno yale yale. Mama akaweka viazi juu ya kigingi cha ua, akageuka. Anasema mgongo wake ulikuwa na khanga ya rangi ya chungwa. Hakuja tena shuleni, hata siku ya kumaliza."

Makau alisema jambo la mwisho kwa sauti ndogo, akiitazama sufuria. Kalondu alilitafsiri lote.

"Anasema ameutunza ubao miaka yote hii na kujiambia kwamba ulikuwa na faida. Kwa sababu kama haukuwa na faida, basi yeye alimfukuza mama yake kwa ajili ya nini?"

Alipomaliza, hakurudi kitini. Alimhurumia mzee, ndiyo, machozi yalikuwa yanamlenga. Lakini huruma haikumpigisha magoti.

"Pole, Mwalimu," akasema kwa Kikamba, kwa heshima anayostahili mzee. "Pole kwa mama. Kwa ubao siombi radhi. Na Jumatatu nitaingia darasani kwa jina langu. Ukinifungia, nitapiga tena. Ukinifungia tena, nitakuja Mlolongo nibishe mlango."

Makau alitoa leso, ile ya kupangusia diski, akajipangusa nayo uso. Munyiva alianza kugawa sahani, kwa sababu mtu lazima afanye kitu. Alimpakulia mwalimu naye. Mzee alikula kijiko kimoja, akatafuna taratibu, akala kingine.

"Hujaacha neno," alimwambia Kalondu hatimaye, kwa Kiingereza. "Hata ile khanga hujaiacha."

"Hata ile khanga, Mwalimu."

Makau akaitikia kwa kichwa. Alipozungumza tena ilikuwa kwa Kikamba, mbele ya wote, na hakuangalia nyuma yake kama kuna anayemsikia.

"Jumatatu, saa kumi na moja. Lete ile insha, hukuimaliza kuisoma." Akameza. "Na mama yako akija, mjibu."

Antony alimgeukia Kalondu, akingoja. Kalondu akamtafsiria na hilo pia.